UZI: Ndugu kaumia ubongo ghafla, achaneni na swali la "ataamka lini"

Mlinda Kitanda:
Wakuu habari zenu. Uzi mrefu huu, mwenye haraka aweke alama arudi baadae.

Mdogo wangu aligongwa na gari, kichwa kikaumia vibaya, ICU, mashine ya kupumulia, fuvu kufunguliwa, yote tumepita. Saa hizi anatembea na fimbo, anaongea, anasahau sana na hasira zake ziko jirani. Sasa inbox hazikatiki za watu ambao ndugu zao wako mahututi na wote wanauliza kitu kimoja, ataamka lini. Nimeamua nikimwage hapa ninachokijua ili wengine nao waongezee, humu najua kuna manesi na kuna walioumia wenyewe.

Hilo swali litawatesa bure. Hakuna siku ya kuamka. Muvi zimetudanganya, mtu anafumbua macho, anamwita mkewe kwa jina, kesho yake yuko nyumbani. Jeraha kali haliendi hivyo. Macho yanaweza kufumbuka na mwenyewe bado hayupo. Baadae anaanza kufuata kitu kwa macho, leo anafanya unachomwambia na kesho hafanyi, halafu anakuja kuongea lakini maneno hayaeleweki, na hapo ndo unaambiwa "kaamka" na wewe unajiuliza huyu nani. Koma yenyewe (kupoteza fahamu kabisa, macho hayafumbuki) kwa wanaobaki hai ni nadra kuvuka wiki nne, macho yatafunguka tu, kazi ndo inaanzia hapo. Kwahiyo swali la kumbana nalo daktari ni yuko hatua gani sasa hivi, na hatua hiyo inataka nini kwetu. Maana kinachomsaidia hatua hii kinaweza kumvuruga hatua ile.

Mtasikia wanataja namba, "ana sita", "leo ana tisa". Ni kipimo cha Glasgow, walikitoa madaktari Teasdale na Jennett mwaka 1974, wanaangalia macho (hadi 4), maneno (hadi 5) na mwili unavyojibu (hadi 6). Jumla 15. Sifuri haipo, hata asiyejibu chochote anapewa 3. Nane kushuka ndo linaitwa jeraha kali. Msikae mkaihesabu asubuhi jioni mkapandwa presha, aliyewekewa mpira wa kupumulia mdomoni hawezi kupata alama za kuongea hata awe na akili timamu, na aliyelazwa kwa dawa za usingizi namba yake inashuka kwa ajili ya dawa. Ulizeni hilo kwanza, yuko kwenye dawa au hayuko.

Siku za mwanzo madaktari hawapigani na lile jeraha la ajali, lile limeshatokea. Wanapigana na la pili linalokuja nyuma yake, ubongo kuvimba, shinikizo ndani ya fuvu, oksijeni kupungua, presha kushuka. Ndo maana wanamlaza kwa makusudi, na ndo maana wengine wanatolewa kipande cha fuvu ubongo upate nafasi, kinarudishwa baadae uvimbe ukiisha. Hapo katikati kichwa upande mmoja kinabonyea, inatisha kuangalia, cha kujua ni upande gani hauna mfupa ili asilaliwe wala kuguswa vibaya, na akianza kukaa na kutembea avae kofia ngumu.

Kazi ya familia hapo ni ndogo kuliko mnavyotaka iwe. Mtu mmoja wa kuongea na madaktari, sio wajomba saba kila mmoja anauliza kivyake halafu mnagombana nani kaambiwa nini. Daftari moja. Orodha ya dawa alizokuwa anatumia, aleji, kama ana kifafa, kisukari, kama alikuwa mnywaji (hii msifiche jamani, mtu aliyekatishwa pombe ghafla anaweza kuchafuka vibaya na wakadhani ni ubongo). Na kulaleni. Kuna safari ndefu mbele na mnaanza kuichoka siku ya kwanza.

Kuongea naye, ndio, ongeeni naye. Mwaka 2006 mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake walimuingiza kwenye MRI (mashine ya kupiga picha ubongo) mwanamke aliyekuwa hajibu chochote, wakamwambia afikirie anacheza tenisi, ubongo ukawaka sehemu zile zile zinazowaka kwa mtu mzima wa afya. Utafiti uliotoka 2024 ukachukua wagonjwa 241 wasiotii amri yoyote kitandani, 60 kati yao vipimo vilionyesha ubongo unafuata amri. Mmoja kati ya wanne. Kwahiyo shemeji zangu wanaojadili mambo ya mazishi na kugawana vitu pale pale pembeni ya kitanda, tokeni nje mkajadilie huko.

Mnaongea vipi? Taja jina lako, mwambie yuko wapi, nini kilitokea, ni asubuhi au usiku, kwa sentensi fupi, mtu mmoja mmoja, halafu nyamaza umpe muda. Muda mrefu kuliko unavyodhani. Redio izimwe.

Nikipumzika nitarudi na ile hatua ya vita.

Binti Mkubwa:
Asante kaka kwa uzi. Baba yangu alidondoka kutoka juu ya paa, macho yanafunguka sasa, nikimwekea kidole mkononi anakibana kweli kweli na mimi nalia kwa furaha, daktari anasema ni mwili tu unajibu wenyewe. Mama anasema daktari hana imani. Nani yuko sahihi hapo

Nesi wa Usiku:
Binti Mkubwa pole sana mdogo wangu. Mama na daktari hawapingani kama unavyodhani.

Kubana kidole ni kitu mwili unafanya wenyewe, hata mtoto mchanga anafanya. Kwahiyo usimwambie "nishike mkono". Mwambie "niachie". Au "baba nyoosha kidole gumba", "toa ulimi", "angalia juu", kitu ambacho mkono wako haukichokozi. Ukisema subiri, hesabu polepole hadi kumi, ukiharakisha unamkosa. Akifanya mara moja bado sio jibu, akirudia ukimwambia na asipofanya usipomwambia, hapo tunaongea lugha nyingine.

Jingine, kioo. Weka kioo cha mkononi mbele ya uso wake, kisogeze polepole kushoto kulia uone kama macho yanafuata. Wagonjwa wengi wanafuata sura yao wenyewe kwenye kioo kabla hawajaanza kufuata kalamu ya daktari. Ukiona, rekodi video, andika saa ngapi, alikuwa amekaa au amelala, alitoka kupewa dawa gani. Sisi zamu nzima tuna wagonjwa wengi na daktari anapita dakika chache, fahamu kwenye hatua hii inakuja na kuondoka, mara nyingi ndugu ndo wanaiona wa kwanza. Ila uje na video, sio "nahisi ananisikia", maana kuhisi kwenu tunakuheshimu lakini hatuwezi kukiandika kwenye faili.

Na wakati huu wa kusubiri kuna kazi za mikono. Kugeuzwa, tunalenga kila saa mbili, vidonda vya kulalia vikianza vinamrudisha nyuma sana. Viungo kunyooshwa, muombe mtu wa mazoezi akufundishe, usivute kwa nguvu kiungo kilichokakamaa. Mdomo kusafishwa, ndio hata kama hali kwa mdomo, uchafu wa mdomoni unashuka mapafuni.

Ukimuona ghafla jasho linamtiririka, moyo unakimbia, joto limepanda, mwili umekaza, tuite. Inaweza kuwa maambukizi, inaweza kuwa ubongo wenyewe umeshindwa kutuliza mwili, sisi ndo tutatafuta ni ipi. Wewe punguza kelele na acha kumgusagusa.

Mpita Njia:
Watu mnaandika sana, mgonjwa anahitaji kula apate nguvu. Mjomba wangu tulikuwa tunampa kwa siri kijiko kimoja kimoja na alikuwa anameza vizuri tu hakuwa anakohoa

Nesi wa Usiku:
Mpita Njia, hiyo acha leo leo. Na wengine msome hapa.

Jeraha la ubongo linaondoa hata kile kikohozi cha kupaliwa. Chakula kinaingia kwenye njia ya hewa kimya kimya, hakohoi, uso umetulia, nyie mnasema kameza vizuri, siku mbili tatu mbele ana nimonia na mnashangaa imetoka wapi. Mpaka kumeza kwake kupimwe, anakula kwa mpira. Akiruhusiwa wataanza na kitu chenye uzito fulani, akiwa amekaa wima, na maji mepesi yanaweza kuja mwisho kabisa kwa sababu ndo yanapalia kirahisi. Anayetaka kumpenda kwa chakula amsubirie hapo.

Mlinda Kitanda:
Nesi ubarikiwe sana. Hiyo ya "niachie" badala ya "nishike" ingefaa wabandike ukutani kila wodi.

Haya, hatua ya vita. Hii hakuna aliyetuambia, tukadhani kachanganyikiwa moja kwa moja. Anaanza kuamka na anaamka na matusi. Anavuta mipira, anapiga, anataka kushuka kitandani miguu haina nguvu, anamtukana mama matusi ambayo hujawahi kusikia kinywani mwake. Kuna ngazi wanazotumia zinaitwa za Rancho Los Amigos, hospitali ya kule California, na hii ni ngazi ya nne, amechanganyikiwa na ana vurugu. Ngazi ya nne!! Yani ni kupanda, sio kushuka. Mtu wa ngazi ya kwanza hajibu chochote kabisa. Nilipoonyeshwa hilo karatasi nilimpigia simu mama muda ule ule.

Kinachoendelea ni kwamba ubongo umeamka lakini haurekodi. Ukimwambia jambo saa nne, saa nne na nusu halipo. Kila akifumbua macho ni mara ya kwanza, hajui yuko wapi, kuna mipira mwilini, watu wamemzunguka. Wewe usingepigana? Wanakiita kipindi cha kupoteza kumbukumbu baada ya jeraha na urefu wake ni moja ya vitu wanavyotumia kukadiria huko mbele kutakuwaje, kwahiyo andikeni ni lini alianza kukumbuka mambo ya jana yake mfululizo.

Cha kufanya ni kupunguza. Wageni wapungue, wakiruhusu awe mmoja, hata kama shangazi kasafiri kutoka mbali na atanuna. Sauti ya chini. Na msimfanyie mtihani jamani, "mimi nani? nitaje jina! umenisahau?" unamdhalilisha na unampandisha. Mpe jibu, "mimi dada yako, uko hospitali, uligongwa, uko salama". Akirudia kuuliza rudia kujibu kwa sauti ile ile. Akisema jana alikuwa kazini na bosi kamuudhi usimbishie na usimuite muongo, ubongo unajaza mapengo kwa chochote unachopata na yeye anaamini kabisa. Sema "sasa hivi uko hospitali" basi, hamisha mazungumzo.

Na mtafute kinachomuuma. Choo kigumu, kibofu kimejaa, maambukizi, mfupa uliovunjika ambao watu waliusahau kwa sababu ya kichwa, hawezi kusema ndo anapiga. Kumfunga mikono kunamuongezea hofu, kama hakuna njia nyingine iwe kwa muda mfupi na kwa sababu inayoeleweka. Dawa za kutuliza pia muulizeni daktari ipi na kwa nini, kuna zinazouzubaisha ubongo ambao ndo kwanza unajaribu kuamka.

Kijana wa Kijani:
Mkuu kuna jamaa mtandaoni anauza dawa ya kuamsha ubongo anasema siku 7 tu. Kuna ukweli? Na nasikia miezi sita ikipita bila mabadiliko basi ndo imetoka

Mlinda Kitanda:
Huyo wa siku 7 anauza kukata tamaa kwenu, mpite kama hujamuona.

Dawa iliyopimwa vizuri ni amantadini, ilikuwa dawa ya mafua makali na ya Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka). Utafiti ulitoka 2012, wagonjwa 184 wa ajali waliokuwa bado fahamu zao ziko chini, waliopewa dawa walipanda haraka zaidi katika zile wiki nne za kuimeza, walipoacha kasi ikapungua. Ndo hivyo tu, inasukuma. Daktari ndo anajua kama inamfaa, kuna wenye kifafa na figo mbovu ambao anawafikiria mara mbili.

Ya miezi sita, kasi kubwa huwa miezi ya mwanzo kweli lakini mlango haufungwi pale. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2021 ulikuta kati ya wale ambao wiki mbili baada ya ajali hawakuwa na fahamu kabisa, walionusurika na kufuatiliwa mwaka mzima karibu robo tatu fahamu zilirudi. Kurudi fahamu sio kurudi kazini, tuelewane. Wapo wanaobaki wakitegemea watu kwa kila kitu, na wapo wasiorudi, na mwenye ndugu wa hivyo asiambiwe hakuomba vya kutosha. Halafu haya ni ya majeraha ya kugongwa na kuanguka. Ubongo uliokosa oksijeni, mfano moyo ulisimama au mtu alizama maji, una njia yake na mara nyingi ni ngumu zaidi, usichukue hadithi ya mdogo wangu ukaipima kwa mgonjwa wako.

Niliyerudi:
mimi ndo mgonjwa. naandika taratibu mnivumilie

hospitali sikumbuki kitu. wananionyesha video nimekaa naongea, mimi huyo simjui. naanza kukumbuka dirisha na mtu ananikata kucha

kinachonishinda sasa sio mguu ni uchovu. sio uchovu wa kulala vibaya. ni kama simu yenye betri mbovu, inasoma nusu halafu inazima. sherehe watu kumi wanaongea pamoja mi nimeisha. ndugu wanasema mbona unaonekana mzima, ukitaka unaweza. siwezi. nikilala chumba cha giza kwa saa moja narudi

kinachosaidia: kitu kikae pale pale siku zote. simu inanikumbusha kwa mlio. kazi moja kwa wakati. mtu asinimalizie sentensi. na mniulize mimi, msimuulize dada yangu "anakunywa maji huyu?" nikiwa nimekaa hapo hapo

Mke wa Mtu:
Uzi wote mnaongelea mama na dada. Niongee mimi mke basi.

Wangu kapona, ndivyo wanavyosema watu, anatembea, anaongea, wanakuja wanamshukuru Mungu wanaondoka. Mlango ukifungwa nabaki na mwanaume ambaye hanicheki, hanitanii, hajui kama nimelia, anaweza kukaa kwenye kiti kutoka asubuhi mpaka jioni kama hajaambiwa asimame na ukimwambia saa nyingine anafoka mpaka watoto wanajificha. Na anasema hana tatizo lolote, tatizo ni mimi. Nikimueleza mtu naambiwa shukuru yupo hai, ndio nashukuru, lakini niliyeolewa naye sijamuona tangu ajali na siruhusiwi hata kumlilia kwa sababu huyu hapa anakula.

Nesi wa Usiku:
Dada yangu, unachosema kina wenyewe wengi. Pauline Boss, msomi wa mambo ya familia, kaandika miaka mingi kuhusu msiba wa aina hii, mtu yupo na hayupo, na anasema hauishi kwa sababu hakuna anayeufunga. Lia, ni halali yako.

Sehemu ya mbele ya ubongo ndo inayoanzisha jambo, inayozuia hasira, inayojiangalia yenyewe. Watu walilijua tangu Phineas Gage, 1848, yule fundi wa reli wa Marekani ambaye chuma kilipita kwenye fuvu lake, alibaki hai anatembea na daktari wake akaandika kwamba marafiki zake wanasema sio Gage tena. Watu wanaishia hapo lakini ana sehemu ya pili, baadae alifanya kazi Chile miaka kadhaa akiendesha gari la farasi la abiria, kazi yenye ratiba ile ile kila siku, na wapo wanaoona ratiba hiyo ndo ilimshika.

Kukaa kwenye kiti siku nzima huo sio uvivu, kianzishio ndo kimekatika. Usimwambie "kaoge". Mpe taulo mkononi, mpeleke mlangoni, mara nyingi akishaanza anamaliza mwenyewe. Bandika ratiba ukutani, ratiba imwamuru sio wewe, itapunguza ugomvi. Akisema hana tatizo hadanganyi wala hakatai kwa kiburi, ubongo wake hauoni hilo pengo, kumshawishi kwa maneno unapoteza nguvu. Hasira ikipanda usimalize hoja, toka na watoto chumba kingine, mrudieni kimetulia. Na akianza kupiga hilo sio la kuvumilia kwa sababu ni mgonjwa, ondokeni, mueleze daktari wake, zipo dawa na wataalamu wa tabia. Na watoto waambiwe ukweli, baba kaumia sehemu ya ubongo inayozuia hasira, sio nyie mmekosea.

Mlinda Kitanda:
Mke wa Mtu, naomba niongeze moja ambayo ndugu wa mume hatuipendi. Gawaneni siku. Sisi upande wetu tuliweka zamu ya kumkaa mdogo wangu mkewe akatoka kabisa, simu kazima, na hakuna aliyeruhusiwa kumuuliza alikuwa wapi. Kuna mashangazi walinuna. Wanune.

Binti Mkubwa:
Nimejaribu kioo jana na leo. Macho yanafuata kulia, kushoto yanaishia katikati, nimerekodi nitampelekea daktari kesho. Swali la mwisho, mgonjwa wa kitanda cha jirani alipata kifafa mbele yetu nikaganda. Baba akija kukipata nyumbani nifanye nini

Nesi wa Usiku:
Video mpelekee, na hilo la kushoto kuishia katikati mtajie kwa mdomo, linaweza kumwambia kitu kuhusu upande ulioumia. Mkiwa mnaongea naye kwa sasa kaeni upande wa kulia, ukisimama kushoto unaweza ukawa haupo kabisa kwake.

Kifafa baada ya jeraha kali kinaweza kuja hata miezi au miaka baadae. Angalia saa. Ondoa vitu vigumu karibu, mgeuze ubavu, legeza shingoni, usimshikilie na usitie kitu chochote mdomoni, sio kijiko sio kidole. Ikipita dakika tano, au kinarudi kabla hajazinduka, au ndo mara yake ya kwanza, hospitali. Dawa zake za kifafa asizikatize mwenyewe hata akijisikia vizuri, pombe asiguse, na gari asiendeshe mpaka daktari aseme. Hata akizitaka funguo kwa kelele.